Kijana wa Halmashauri

Yunusu Bakary alifanywa kijana akiwa na miaka arobaini na sita. Wakati huo mvi mbili tatu zilikwisha kuchomoza ndevuni, na mjukuu wake wa kwanza alikuwa anaanza kutambaa. Hakuomba. Alikwenda kwenye kikao cha Halmashauri ya Kijiji cha Nanjovu kama alivyozoea, akakaa kwenye dawati la watoto wa darasa la tatu, magoti karibu yamguse kidevu, akasikiliza mambo ya mbegu na mambo ya kisima. Alipotoka mle ndani alikuwa kijana.

Ilikuwa hivi. Katibu wa kijiji, Ndugu Alfonsi, mtu wa kutoka Ndanda aliyekuja na baiskeli yake na adabu nyingi, alisimama akaeleza kwamba wakubwa wa Kilwa Masoko wametuma neno. Kila halmashauri iwe na mjumbe wa vijana, maana kijiji cha ujamaa si cha wazee peke yao. Neno lile lilipokelewa vizuri sana. Wazee walitikisa vichwa, wakasema Serikali imeona mbali. Kisha wakatazamana, maana hakuna aliyekuwa tayari kumwona kijana wa kweli akiingia mle ndani na kukaa dawati moja naye.

Aliyewaokoa ni Mwenyekiti, Mzee Dadi, ambaye hajapata kukosa la kusema tangu azaliwe.

"Kijana tunaye," akasema. "Si Yunusu huyu hapa?"

Yunusu akageuka kutazama nyuma, akidhani kuna Yunusu mwingine.

"Kahawa ikiisha anatumwa nani?" Mzee Dadi akaendelea. "Yunusu. Dirisha likigoma kufunga anainuka nani? Yunusu. Kati yetu huyu ndiye mdogo, na mdogo ndiye kijana."

Alfonsi alikohoa kidogo. "Ndugu Mwenyekiti, nadhani walikuwa na maana ya vijana hasa. Wale waliotoka shule juzi juzi."

"Wametaja umri?"

"Hawakutaja."

"Basi usiwaongezee maneno wakubwa."

Wakapiga makofi. Yunusu naye akajikuta anapiga. Njiani kurudi nyumbani aligundua kwamba anatembea haraka kuliko kawaida yake, kifua mbele, na kwamba moyoni mwake kuna kitu kinachofanana sana na furaha.

Furaha ile haikuvuka kizingiti. Mkewe, Mwahija, alikuwa uani anachambua mchicha, na habari zilikwisha kumfika, maana Nanjovu habari hutembea kuliko baiskeli ya Katibu.

"Karibu, kijana," akamwambia. "Ndoo ile pale, nenda kisimani. Vijana wa nyumba hii ndio wanaochota maji."

"Mke wangu, hilo ni jambo la Serikali."

"Na maji je, ni ya nani?"

Binti yao mdogo, Ziada, alikuwa ameinama jikoni anapuliza moto. Hakucheka. Alisema tu bila kuinua uso, "Baba, vijana wamesikia. Wamesema watakuja kukupongeza."

Walikuja kweli, asubuhi yake, kundi zima. Yunusu alikuwa barazani na kikombe cha chai. Akajiweka sawa apokee shikamoo zake, kama mtu anayekinga mikono mvua inapoanza. Hazikuja.

"Habari za tangu jana, kijana mwenzetu?" akasema wa kwanza.

"Umeamkaje, ndugu yetu?" akasema wa pili, akamshika mkono kama watu waliosoma pamoja.

Wakapita mmoja mmoja, wote na nyuso kavu kama za watu msibani, na hakuna hata mmoja aliyemwamkia. Ila mwisho wa msururu alikuwepo Tawakali, kijana mrefu mwenye mabega mapana, aliyeinama nusu ya kimo chake na kusema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, Mzee Yunusu."

"Marahaba," akajibu Yunusu, na papo hapo akajua kwa nini. Tawakali alikuwa anamtaka Ziada. Mtu anayemtaka binti yako hawezi kukufanya rika lake, hata kama halmashauri imekwisha kupitisha.

Nyuma yao alisimama Justa. Huyu alikuwa binti wa marehemu seremala wa kijiji. Alimaliza la saba, na jioni aliwafundisha wazee kusoma na kuandika chini ya mpango wa elimu ya watu wazima. Yunusu mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake, na hata Mzee Dadi, aliyekuwa bado anagombana na herufi *b* na *d*, na kuudhika kwamba jina lake mwenyewe lina *d* mbili na halina *b* hata moja, na bado linampotea.

"Mjumbe wetu," akasema Justa, "kesho baada ya shamba la kijiji tunakutana kiwanja cha mpira. Tunaomba uje utusikilize. Na shambani tumekuwekea tuta lako."

"Tuta gani?"

"Wazee wa halmashauri wanasimamia kivulini. Vijana wanalima. Wewe uko upande gani?"

Yunusu akamaliza chai yake, akaenda kutafuta jembe.

Kesho yake akalima. Aliwekwa katikati ya Tawakali na kijana mwingine ambaye jembe mikononi mwake lilikuwa kama kijiko. Kule kivulini wazee wenzake walikaa kwenye mkeka wakimpungia mikono, na Mzee Dadi akapaza sauti kumhimiza asitie aibu vijana wa leo. Mgongo ulianza kumwambia maneno kabla hajafika nusu ya tuta. Tawakali alimaliza lake, kisha kimya kimya akaanza kulima la Yunusu kutoka upande wa pili, wakakutana katikati. Yunusu hakumshukuru, maana kumshukuru kungefungua mazungumzo mengine.

Kiwanja cha mpira walikaa juu ya magogo ya minazi. Yunusu alikuja ameandaa maneno. Alidhani wataomba mpira mpya, au ngoma, au ruhusa ya kwenda Mchinga kwenye sikukuu. Angewajibu kwamba atalifikisha, na jambo lingekwisha.

"Tunataka viwanja," akasema Justa.

"Vya mpira?"

"Vya nyumba."



Ni lazima ieleweke hali ilivyokuwa. Watu wa Nanjovu walikuwa wamehamia pale barabarani kwa Operesheni Vijiji, kutoka kwenye mashamba yao ya zamani yaliyotawanyika, kila ukoo na mikorosho yake. Walipofika walipimiwa viwanja, safu kwa safu, kila mkuu wa kaya na kiwanja chake. Ikazuka hoja kuhusu vijana wasiooa. Wapewe au wasipewe? Halmashauri ikaamua wasipewe, wakae kwa baba zao mpaka waoe. Uamuzi ule ulipita bila ubishi kwa sababu aliyeutoa aliueleza vizuri mno. Aliyeutoa ni Yunusu.

Na mwezi mmoja baadaye wazee wa Tawakali walipokuja kwa posa ya Ziada, Yunusu aliwakaribisha vizuri, akawapa kahawa, akawauliza, "Kijana wenu ni mzuri. Nyumba yake iko wapi?" Wakasema hana nyumba. Akasema kwa upole kwamba hawezi kumtoa binti yake akalale sebuleni kwa watu. Wakaondoka. Tangu siku ile Ziada alikuwa anapika vizuri tu, ila anaweka sahani mbele ya baba yake kama mtu anayeweka kizuizi barabarani.

"Asiyeoa hapewi kiwanja," Justa akasema pale magogoni. "Na asiye na kiwanja hapewi mke. Sisi tunauliza tu, mjumbe wetu. Mtu aanzie wapi?"

Hakuna aliyecheka. Tawakali alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Yunusu alilizungusha jambo lile kichwani, akatafuta mlango wa kuingilia, akaona kweli halina. Kilichomshangaza ni kwamba yeye mwenyewe alijenga kuta zote mbili, moja kwa mkono wa kulia na nyingine kwa mkono wa kushoto, na hakuwahi kuona kwamba zinakutana.

"Nitalifikisha," akasema. Safari hii hakulisema ili watu watawanyike.

Kikao kilichofuata akalifikisha. Alisimama, akavuta kanzu, akaeleza kwamba vijana wanaomba viwanja hata kabla ya kuoa, na kwamba kuna haja ya kuutazama upya uamuzi wa mwaka jana.

Mzee Dadi akamtazama kwa mapenzi makubwa. "Yunusu, uamuzi ule aliuleta nani?"

"Niliuleta mimi."

"Na ulisema nini? Ulisema kijana akipewa nyumba kabla ya mke, nyumba itakuwa pango la nyani. Tulicheka wiki nzima."

"Wakati ule nilikuwa mzee," akasema Yunusu.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Dawati moja likapinduka, mzee mmoja akaokotwa chini, na hilo likaongeza kicheko. Yunusu alijaribu tena. Alieleza habari ya kiwanja na mke na mke na kiwanja, lakini alipofika katikati akajichanganya, akasema asiye na mke hapewi mke, na wakacheka upya. Mzee Dadi akafuta machozi, akasema jambo hili ni zuri, litazungumzwa mbele ya safari. Kila aliyekuwepo alijua kwamba mbele ya safari ni mahali ambapo mambo hupelekwa yasionekane tena.

Yunusu akakaa. Mara nyingi alikuwa amechekesha kikao kile, na kila mara alifurahi. Leo hakufurahi. Aliona wazi kwamba wenzake hawakatai hoja, kwa sababu hoja yenyewe hawajaisikia. Wamemsikia Yunusu, yule yule wa kahawa na dirisha, akiigiza kijana. Angekuja na maneno ya dhahabu, wangeona mchezo ule ule.

Akasimama tena.

"Mwenyekiti, mimi jambo hili siwezi kulisema, kwa sababu si langu. Mimi nina kiwanja, nina mke, nina mjukuu. Naomba aitwe mwenye jambo alisema mwenyewe."

"Nani?"

"Justa."

Kicheko kikakatika. "Msichana?" akauliza mzee wa pembeni.

"Kila jioni anakusahihishia madaftari yako na hujafa," akasema Yunusu.

Mzee Dadi akamgeukia Katibu, akitumaini kupata kizuizi cha kisheria. Alfonsi akasema kwa adabu zake zote kwamba hajui kanuni inayomzuia mwanakijiji kuingia na kusema. Tena, akaongeza, binti mwenyewe yuko nje dirishani tangu kikao kilipoanza, pamoja na wengine.

Basi akaingia. Alisimama pale pale anaposimama jioni akifundisha, ubaoni, na jambo la ajabu likatokea. Wazee wote wakanyamaza, wakakaa wima. Mmoja akaficha ugoro wake chini ya dawati. Walikuwa wamezoea.

Justa hakutoa hotuba. "Shikamooni," akasema, na walipoitikia akamgeukia Mwenyekiti. "Mzee Dadi, mwanao kaka Salumu hajambo?"

"Hajambo. Yuko Mitwero."

"Anafanya nini Mitwero?"

"Amepanga chumba kwa watu. Anabeba magunia pale mjini Lindi."

"Angependa kurudi?"

Mzee Dadi akatazama mikono yake. "Mama yake anasema angependa."

"Akirudi atalala wapi?"

Justa hakungoja jibu, akamgeukia mzee aliyefuata na kumuuliza habari za mwanawe, na yule wa pembeni habari za wanawe wawili. Mmoja alikuwa Dar es Salaam, mmoja mashamba ya mkonge, mmoja hajulikani alipo ila mwaka jana alituma salamu. Alizunguka chumba kizima hivyo hivyo, bila haraka, kama anayeita majina ya darasa na kukuta madawati matupu. Mwisho akafika kwa Yunusu.

"Na wewe, mjumbe wetu. Ziada yupo nyumbani. Anangoja nini?"

Yunusu aliwaza majibu matatu mazuri, yote ya kuchekesha. Akayaacha.

"Ananingoja mimi," akasema.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee Dadi alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Sasa nyinyi mnataka iweje?"

Walizungumza mpaka adhuhuri. Justa alikuwa na majibu, na pale alipokosa aliwaita wenzake dirishani, nao wakajibu wakiwa wameshika nondo kama wafungwa. Ikaamuliwa hivi. Upande wa mashariki, kuelekea njia ya Kikole, upimwe safu mpya. Kijana yeyote aliyefikisha umri wa kupiga kura apewe kiwanja, afyeke mwenyewe, asimamishe nyumba kabla ya masika, akishindwa kirudi kijijini.

"Kijana yeyote," akasema Justa, "na wasichana wamo?"

Hapo wazee wakaamka kama waliomwagiwa maji. Msichana na nyumba yake peke yake? Mzee Dadi akasema amekubali mengi leo, moyo wake si wa chuma, na hilo litazungumzwa mbele ya safari. Justa akasema hajaridhika, na akaomba Katibu aandike kwamba hajaridhika. Alfonsi akaandika.

Kabla hawajainuka, Yunusu akaomba neno la mwisho. Alisema anajiuzulu ujumbe wa vijana, vijana wachague mwenzao wa kweli. Alitua kidogo baada ya kusema hivyo, awape watu nafasi ya kumsihi. Hakuna aliyemsihi. Mzee Dadi akasema vizuri sana, asante, na wakaenda kuswali.

Wiki ile vijana walipiga kura kwa kunyoosha mikono kiwanja cha mpira. Justa akapata. Yunusu alikwenda kushuhudia, akaamkiwa shikamoo kila upande, na kila moja ikamwingia kama dawa mgongoni.

Alichokuwa hajakifikiria ni kwamba kiti chake cha zamani ndicho kilichogeuzwa kuwa cha vijana, na ukitoka kwenye halmashauri unakuwa nje ya halmashauri. Siku za vikao alikaa barazani, akiwatazama wenzake wakipita na kanzu zao, na wakirudi aliwauliza wameamua nini, nao wakamjibu kwa kifupi kama anavyojibiwa mtu asiyehusika. Aliyataka yale maelezo marefu aliyokuwa akiyapata bure. Mwahija akamwambia, "Pole, baba Ziada. Sasa utajua tunavyoishi sisi wengine." Akasema bila ubaya wowote, na hiyo ndiyo iliyouma.

Kisha ikaja siku Alfonsi alipopita na kamba na vigingi vya kupimia safu mpya, na kamba ikapita katikati ya shamba la muhogo la Yunusu. Njia ya kwenda viwanja vya vijana ingepita pale. Kikao kilikwisha kukubali. Yeye alikuwa wa mwisho kujua.

Yunusu alikwenda kwa Justa moja kwa moja. Akamkuta anafuta ubao.

"Mwanangu," akaanza, na sauti yake ilikuwa laini kuliko ya Tawakali siku ya pongezi. "Muhogo wangu bado haujakomaa. Wewe uko kule ndani. Unisemee."

Justa aliweka kifutio chini. Alikuwa na uso wa mtu anayezuia kitu kisitoke mdomoni, na Yunusu alijua kitu chenyewe ni kicheko.

"Mzee Yunusu, mimi muhogo wako nitausema vibaya. Njoo Jumanne. Mlango nitakufungulia."

Akaenda Jumanne. Alisimama mlangoni mpaka akaitwa, akasema shida yake kwa maneno machache, hakuchekesha mtu. Mzee Dadi alitaka kumpa yote, kwa ajili ya urafiki. Justa akapinga. Alisema njia ikipinda pale itaingia bondeni, na masika hakuna atakayepita. Wakabishana. Mwisho njia ikabaki palipo, ila ikangojwa mpaka muhogo uvunwe, na vijana wakapewa kazi ya kuung'oa na kuubeba hadi kwake. Yunusu alishinda nusu na kushindwa nusu, akatoka akiwa ameridhika kuliko alivyotarajia. Angalau alikuwa ameulizwa.

Tawakali alikuwa wa kwanza kumaliza kuta. Alizifunga kwa fito, akakandika udongo mwekundu, akaacha dirisha upande wa upepo, kama Ziada alivyotaka ingawa hakuna aliyekiri kwamba walizungumza. Wazee wake wakarudi kwa posa. Yunusu akawapa kahawa ile ile. Mwahija alisimama nyuma ya pazia, na pazia lilikuwa linatikisika.

"Kijana wenu ni mzuri," akasema Yunusu. Akanyamaza kidogo, maana tabia ni tabia, na alipenda kuona watu wakishika pumzi. "Nyumba yake nimeiona. Mlango wake ni mfupi kidogo, atajigonga kichwa. Mwambieni auongeze kabla ya harusi."

Pazia likaacha kutikisika.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno ya korosho. Salumu wa Mzee Dadi alikuja kutoka Mitwero kuihudhuria, na kabla hajaondoka alikwenda mashariki kutazama viwanja, akakaa huko muda mrefu na baba yake. Wiki hiyo hiyo Justa aliupeleka tena kikaoni mswada wake wa viwanja vya wasichana. Ulikuwa umekwisha kukataliwa zaidi ya mara moja. Yunusu alisimama nje dirishani kati ya vijana, akashika nondo, akasikiliza.

"Wanasemaje?" akauliza msichana mmoja mfupi nyuma yake, aliyezibwa na migongo asione ndani.

"Mzee Dadi anasema moyo wake si wa chuma," akamjibu Yunusu. "Hajasema hapana. Ngoja, Justa anasimama."

Na akasogea pembeni kidogo, ili yule msichana naye apate kuona.